Kiinimacho Vitani: Uchawi Mdogo katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: mchezo wa mezani wa Kimarekani unatafuta nini katika jarida la uhakiki? Jibu langu ni fupi. Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ni masimulizi. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao, ambaye hapa nitamwita msimamizi, husimulia ulimwengu na kuwasemea maadui. Kinachotokea ni kile kilichosemwa, na penye shaka dadu yenye nyuso 20 hukata shauri. Kwa hiyo tuna fanani, tuna hadhira inayoingilia kati kila dakika, na tuna kitabu cha kanuni ambacho kila mtu anakisoma kivyake. Hapo penye kusoma ndipo ugomvi unapozaliwa, hasa pale mchawi anapotumia kiinimacho katikati ya mapigano.

Kiinimacho natafsiri neno cantrip, neno la Kiskoti lenye maana ya hila ya kichawi. Robert Burns alilitumia katika Tam o' Shanter mwaka 1791. Katika mchezo wa 1974 viinimacho havikuwemo. Mchawi wa wakati ule aliigwa kutoka hadithi za Jack Vance: anakariri uganga, anautamka, unafutika kichwani. Wa daraja la kwanza alikuwa na uganga mmoja tu kwa siku. Akishautoa, basi, amebaki na kisu. Viinimacho vilipoingia kitabuni mwaka 1985 vilikuwa vya jikoni hasa: kung'arisha vyombo, kutia chumvi, kufuta vumbi. Toleo la 2000 liliviwekea idadi kwa siku. Toleo la 2008 likaviachia huru, na toleo la tano la 2014 pamoja na marekebisho yake ya 2024 yameendelea hivyo hivyo. Leo mchawi anaweza kufanya kiinimacho asubuhi hadi jioni bila kuishiwa.

Sasa, je, ni vya bure kweli? Nje ya vita ndiyo. Ndani ya vita hapana, na hili ndilo ambalo wachezaji wengi hawalitazami vizuri. Raundi moja ya mapigano ni kama sekunde 6, na katika zamu yake mhusika husogea na kufanya kitendo kimoja (yapo matendo ya nyongeza, lakini tuyaache). Kiinimacho cha kawaida hula kitendo hicho chote. Kuwasha mshumaa kwa uchawi kunagharimu sawasawa na kumkata mtu upanga. Bei ya uchawi mdogo, basi, ni muda, na faida yake lazima ipimwe kwa muda vilevile.

Hebu tuchukue mfano. Mchawi wa daraja la kwanza, mwenye akili ya 16, anafukuzwa na vibwengo watatu. Maganga yake mawili makubwa ameshayatumia. Anaweza kurusha mwale wa moto, ambao nao ni kiinimacho: kwa kanuni za 2014, uwezekano wa kumwangusha kibwengo mmoja mzima kwa mrusho mmoja ni kama mara 1 katika 4. Au anaweza kukimbilia bohari lenye makasha, akazua taswira ya kasha moja zaidi na kuchutama nyuma yake. Kanuni inaruhusu taswira ya kitu kisichozidi futi 5 kila upande, inayodumu dakika moja, na haihitaji kutamka neno: ni mkono na kipande cha manyoya ya kondoo tu. Wenye pinde hawamwoni. Kibwengo akitaka kulikagua kasha lile kwa macho, atumie kitendo chake kizima, kisha arushe dadu na kupata 13 au zaidi. Mara 6 katika 10 atashindwa. Hata akifaulu, zamu yake imekwisha liwa. Wakikagua wawili, mchawi ametoa kitendo kimoja na kuchukua viwili. Ni hesabu ya sokoni kabisa. Simba wa Kalila na Dimna, aliyerukia kivuli chake kisimani, alishindwa na sungura kwa hesabu ya namna hii.

Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya neno la msimamizi. Akisema, "Kibwengo anapiga mshale ovyo, umepita ndani ya kasha," mambo kwisha, kwa sababu kuguswa huifichua taswira. Je, amesoma kwa haki? Kama vibwengo hawakumwona mchawi akilizua, kwa nini wapige kasha hilo na si mengine? Hapo anayepiga ni msimamizi aliyesikia siri mezani, amevaa ngozi ya mhusika. Katika uhakiki tungesema msimulizi amempa mhusika ujuzi asiokuwa nao.

Wachezaji nao wana uroho wao. Kiinimacho kiitwacho Prestidigitation kinaweza kutoa cheche, harufu au upepo mdogo, kuzima mwenge, kupasha joto kitu kisicho hai kisichozidi futi moja ya ujazo. Mchezaji anasikia "kupasha joto" na mara anataka kuunguza kofia ya chuma kichwani mwa adui. Jamani! Kitabu kinasema vionjo hivyo havidhuru. Mkono wa kichawi, unaobeba hadi ratili 10, umekatazwa waziwazi kushambulia. Ukizisoma kanuni hizi pamoja utaona mpangilio: mlango wa mwili umefungwa kwa makufuli, mlango wa imani umeachwa wazi na kuwekewa dadu tu. Anayejibu "kitabu hakikusema" kwa kila jambo hajauona mlango wa pili. Na mwenye kuumia ni yule mchawi mdogo, ambaye uhai wake ni pointi sita, saba hivi. Akinyimwa hila anabaki kurusha moto kila zamu, na hapo hana tofauti na mpiga upinde.

Si kwamba kila hila ifaulu. Ukizima mwenge mbele ya vibwengo umejiumiza mwenyewe, maana wao huona gizani futi 60 na binadamu haoni.

Swali moja bado linagombaniwa. Kanuni inasema aliyeigundua taswira huiona imefifia, yeye huyo. Akipiga kelele, "Hilo kasha ni la uongo!" wenzake nao wanaionaje? Kitabu kimenyamaza. Kwa usomaji wangu, wamesikia lakini bado wanaona kasha. Mchawi hafichuki machoni mwao mpaka kila mmoja aguse au akague kwa zamu yake, na anayemwamini mwenzake anaweza kuamua kupiga mshale pale pale.