Lami Imefika Matema, Sasa Tulitazame Ziwa

Yakitajwa mapumziko ya ufukweni, wengi wetu hufikiria Bagamoyo au Zanzibar. Wachache hukumbuka kwamba Nyanda za Juu Kusini nazo zina ufuko wake wa mchanga, tena wa maji yasiyo na chumvi: Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Kufika huko si taabu kama zamani. Atokaye Iringa hupita Makambako hadi Uyole, akakata kushoto. Hupita Tukuyu, penye chai na migomba, kisha huteremkia joto la Kyela, penye mpunga na kakao. Kutoka Kikusya lami hupita Ipinda hadi Matema. Kwa hilo tunatoa pongezi.

Lakini safari za watu wa huko haziishii ilipoishia lami. Mbele ya Matema, Milima ya Livingstone husimama karibu kabisa na maji. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao vina sifa mbali na nyumbani, kwa miaka mingi wamevipeleka gulio la Lyulilo kwa mitumbwi. Mtumbwi ndio umwokoao mgonjwa anayewahi hospitali ya Matema. Na ndio aukodio mgeni apendaye kuona udongo ukifinyangwa. Upepo wa kusini ukichafua ziwa, mfinyanzi, mgonjwa na mgeni wamo katika hatari moja.

Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, ilijengwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ni neema kwa mwambao; hata hivyo haiondoi haja ya chombo kidogo kati ya kijiji na kijiji.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Ratiba na nauli za vyombo vya majini zibandikwe mahali pa wazi, Kyela hata stendi ya Mbeya. Habari za upepo ziwafikie wenye mitumbwi kabla hawajang'oa nanga. Na kila abiria, awe mwanakijiji au mtalii, avae jaketi la kujiokolea.

Mgeni huja siku mbili akaondoka. Mwenyeji husafiri ziwani maisha yake yote. Tukimtengenezea mwenyeji njia ya salama, mgeni naye atakuwa amepata yake.