Ahmad bin Majid: Asili Yake na Tuhuma ya Malindi

Ni mabaharia wachache wa Bahari ya Hindi waliotajwa sana, na kusomwa kidogo, kama Shihabuddin Ahmad bin Majid. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vimefundishwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, na kwa hiyo ndiye aliyewafungulia Wareno mlango. Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo mawili: asili ya mtu huyo, na uzito wa ushahidi wa tuhuma hiyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi huo inategemea majina na matini, jambo hili lawahusu wasomi wa lugha sawasawa na wanahistoria.

1. Nasaba na kazi zake

Mwaka aliozaliwa hukadiriwa tu kuwa katika miaka ya 1430. Aghalabu huhusishwa na Julfar, bandari iliyokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo. Lakini miongoni mwa nisba zake imo al-Najdi, inayoelekea Najd, bara Arabuni. Ndipo baadhi ya waandishi wakamdai kuwa mtu wa Ghuba, wengine Mwomani, na wengine mwana wa Najd.

Madai haya si lazima yapingane. Nisba huonyesha chimbuko la ukoo, wala haielezi daima mahali alipozaliwa mtu. Hapa pwani kwetu wako wenye nisba za Hadhramaut ambao wazee wao, kwa vizazi kadhaa, hawakupata kuiona Hadhramaut. Yamkini basi ukoo ulitoka Najd, na mwana akalelewa Julfar.

Lisilo na ubishi ni kwamba baba yake na babu yake walikuwa waongozi wa vyombo, naye akarithi ujuzi huo. Kitabu chake kikuu, Kitab al-Fawaid, alikiandika yapata mwaka 1490. Humo ameeleza nyota, pepo za misimu, sehemu thelathini na mbili za dira, na jinsi ya kupima kimo cha nyota kwa vidole. Mengi mengine aliyatunga kwa bahari ya rajazi, ili mabaharia wayahifadhi moyoni. Vitabu vya uongozi wa namna hii viliitwa rahmani, na neno hilo lina udugu na ramani yetu ya Kiswahili.

2. Tuhuma

Da Gama alitweka kutoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akaiona India baada ya wiki tatu hivi, na akatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Shajara ya safari hiyo yasema rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi alikuwa Mkristo. João de Barros, aliyechapisha tarehe yake mwaka 1552, asema alikuwa Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Cana. Waandishi wengine wa Kireno wana Canaqua.

Jina la Ibn Majid latokea kwa Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka 1582. Yeye asema rubani huyo alikubali kuwaonyesha Wareno njia akiwa amelewa. Al-Nahrawali aliandika miongo mingi baada ya safari. Mwanachuoni aliyeandika mbali na tukio ndiye anayemtaja. Wareno hawamtaji hata mmoja. Katika karne ya ishirini Gabriel Ferrand alizikutanisha habari hizi mbili, na tangu hapo dhana ikageuka kuwa somo la vitabu vya shule.

3. Ushahidi wa majina

Malemo ni mu'allim wa Kiarabu, asili ya mwalimu wetu, na katika lugha ya mabaharia maana yake ni mwongozi wa chombo. Canaqua nalo huonwa na wataalamu kuwa ni neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hesabu za nyota. Ikiwa ndivyo, Wareno walisikia vyeo viwili wakadhani ni jina la mtu. Vyeo hivyo vyaweza kumfaa Ibn Majid, lakini vyamfaa vilevile mwongozi yeyote mjuzi, hasa Mgujarati.

Hoja ya pili ni al-Sufaliyya, utenzi unaoeleza njia ya Sofala, uliohifadhiwa Leningrad na kuchapishwa na T. A. Shumovsky mwaka 1957. Humo wametajwa Wafaranji, yaani Wareno. Lakini baadhi ya wataalamu wamezitilia shaka beti hizo kuwa zimepachikwa baadaye. Na hata zikiwa zake, kuwajua Wafaranji si kuwaongoza. G. R. Tibbetts, katika uchunguzi wake wa mwaka 1971, aliikataa tuhuma hiyo.

4. Hitimisho

Isitoshe, njia ya Malindi hadi India haikuwa siri ya mtu mmoja. Vyombo viliivuka kila mwaka, vikienda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Kumtafuta msaliti mmoja ni kusahau kwamba elimu hii ilikuwa mali ya jamii nzima ya mabaharia.

Tuhuma hii haijathibitishwa, na haifai kuendelea kufundishwa kama jambo la hakika. Linalotupasa ni kuzisoma kazi zenyewe za Ibn Majid, ambazo msamiati wake wa bahari una mengi ya kutueleza juu ya msamiati wetu. Si haki mtu aliyeandika mengi hivyo akumbukwe kwa safari moja ambayo pengine hakuisafiri.