Megawati Nne za Mwezi Gani?

Kule Mufindi, mkoani Iringa, Mto Mwenga una kituo cha umeme cha megawati 4 kilichoanza kazi mwaka 2012. Mgeni akifika hutafuta bwawa kwa macho. Halipo. Kuna banio tu, ukuta mfupi unaochepusha sehemu ya maji kuelekea mitamboni. Mengine huruka juu yake na kwenda zake. Yakishazungusha mashine, yaliyochepushwa nayo hurudi mtoni, huko chini.

Hesabu ya umeme wa namna hii ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikishuka kimo cha mita 60 na moja ya tano ya nguvu ikapotea njiani, hutoa kama kilowati 470. Maji yakipungua nusu, na umeme nusu, pengine pungufu ya hapo, maana mashine nyingi hazipendi kulishwa kidogo. Ndiyo maana nikitajiwa megawati za kituo cha namna hii huuliza: za Machi au za Oktoba? Bwawa la Mtera huweka maji ya masika yakatumika kiangazi. Banio haliweki kitu. Maji yaliyopita usiku watu wamelala, yamekwenda.

Lakini kinachomnyima usingizi fundi ni mchanga. Maji hupita kwanza kwenye chujio la vyuma linalozuia majani na magogo, kisha kwenye tangi pana ambamo mwendo wake hupoa na mchanga ukazama. Tangi likijaa pasipo kusafishwa, mchanga unaingia bombani na kuwa msasa: mapanga ya mashine hupoteza mng'aro, kisha kingo zake huliwa kama jembe la miaka mingi. Na mchanga huja kwa wingi masika, wakati ule ule ambao umeme ni mwingi na hakuna anayetaka kuzima mashine ili tangi lisafishwe. Mchanga huo unatoka wapi? Kwenye mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto. Kwa hiyo mkulima wa juu ni sehemu ya kituo, ajue asijue.

Kiangazi hakina fundi wa kukitengeneza. Mto unanywea, basi. Ila kwenye nyanda za Mufindi upepo huvuma zaidi majira hayo hayo, na mwaka 2020 mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, iliungwa kwenye mfumo wa Mwenga.