Ukiulizwa maoni kuhusu taka za nyuklia, usingoje

Wasomaji wengi wa magazeti huzipita haraka kurasa za matangazo ya serikali. Herufi ni ndogo, maneno ni ya kisheria, na mwisho wake ni ule ule: mwenye maoni ayawasilishe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Tarehe hiyo hupita kimya. Tunakuja kushtuka tingatinga zikiwa zimeshaanza kazi.

Je, tangazo lenyewe likiwa linahusu ghala la kuhifadhi fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika? Wakazi wa majimbo ya Texas na New Mexico nchini Marekani waliombwa maoni kuhusu maghala ya aina hiyo. Yaliyotokea huko yanafaa kujulikana na Mkenya, kwa sababu nchi yetu pia imo katika mipango ya kujenga kituo chake cha kwanza cha kawi ya nyuklia.

Fueli iliyotumika ni kitu gani?

Fueli ya nyuklia si majimaji kama petroli. Ni vidonge vigumu vya urani, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ncha ya kidole. Vidonge hivyo hupangwa ndani ya mirija mirefu ya madini, na mirija ikafungwa pamoja kuwa tita lenye urefu wa mita nne hivi. Tita hukaa ndani ya mtambo kwa miaka kadhaa likitoa joto la kuzalisha umeme, kisha huondolewa nguvu zake zinapopungua.

Jambo la kushangaza ni kwamba tita hilo huwa hatari zaidi likitoka kuliko lilipoingia. Ndani yake mna madini mapya yanayotoa miale mikali. Mojawapo ni sizi-137, ambayo huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu. Nyingine ni plutoni-239, ambayo huchukua miaka 24,000 kupungua kwa kiasi hicho hicho.

Kwa mujibu wa tume inayosimamia nyuklia nchini Marekani, hata baada ya miaka kumi nje ya mtambo, tita lisilo na kinga hutoa miale ya zaidi ya siverti 100 kwa saa. Siverti ndicho kipimo cha madhara ya miale mwilini. Siverti 5 zikimwingia mtu mwili mzima kwa mara moja zinaweza kumuua. Maana yake ni kwamba dakika tatu kando ya tita hilo zinatosha.

Miale hudhuru vipi?

Miale mingi kwa wakati mmoja huharibu uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, pamoja na utando wa matumbo. Mgonjwa hutapika, huhara, huvuja damu na kushindwa kupigana na vijidudu vya maradhi.

Miale kidogo haimuugui mtu leo wala kesho. Huongeza uwezekano wa kupata kansa miaka mingi baadaye, na kadiri ilivyo kidogo ndivyo hatari inavyopungua. Watoto na mimba zilizo tumboni hudhurika kwa urahisi kuliko watu wazima.

Kuna pia hatari ya madini yenyewe kumwingia mtu kwa chakula, maji au pumzi. Stronti-90, kwa mfano, mwili huidhania kuwa chokaa na kuihifadhi mifupani. Ndiyo sababu jambo la kwanza katika ghala lolote ni kuhakikisha kwamba kilichomo ndani hakitoki.

Kinga yake

Wataalamu hutegemea mambo matatu: muda, umbali na kizuizi. Kwanza, tita hutiwa ndani ya kidimbwi chenye maji ya kina kirefu, ambayo hulipoza na kuzuia miale. Hukaa humo kwa miaka kadhaa. Baadaye huhamishiwa kwenye mkebe wa chuma kisichoshika kutu, mkebe ukachomelewa na kutiwa ndani ya kasha nene la saruji na chuma. Kasha lililojaa huwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Hupozwa na hewa inayopita yenyewe, bila pampu wala umeme. Njia hii ya makasha makavu imetumika Marekani tangu mwaka 1986.

Sheria za huko zinasema kwamba jirani wa ghala asipate zaidi ya milisiverti 0.25 kwa mwaka kutokana na shughuli za kawaida. Kwa kulinganisha, binadamu wa kawaida duniani hupata takriban milisiverti 2.4 kila mwaka kutoka kwa udongo, mawe, hewa na anga. Kwa hivyo, si kweli kwamba anayeishi kilomita chache kutoka kwa ghala linaloendeshwa vizuri lazima augue. Wala fueli hiyo haiwezi kulipuka kama bomu la nyuklia.

Lakini hesabu hiyo ni ya siku njema. Maswali ya wananchi aghalabu huwa kuhusu siku mbaya: ajali ya gari-moshi linalosafirisha makasha, mkebe ulioshika ufa, na miaka inayozidi ile iliyoahidiwa.

Ghala la muda, hadi lini?

Mwaka 1982 Marekani ilipitisha sheria ya kutafuta mahali pa kuzika taka hizi chini kabisa ardhini. Serikali iliahidi kuanza kuzichukua mwaka 1998. Mwaka huo ulifika na kupita. Mpango wa kuzizika chini ya Yucca Mountain, katika jimbo la Nevada, ulikwama baada ya upinzani wa miaka mingi. Fueli ikabaki pale pale ilipotumika, katika vituo zaidi ya 70 kote nchini.

Hapo ndipo kampuni za kibinafsi zilipoomba leseni za kujenga maghala ya muda. Kampuni ya Interim Storage Partners ilitaka kujenga Kaunti ya Andrews, Texas. Holtec ilitaka kujenga Kaunti ya Lea, New Mexico. Kila leseni ilikuwa ya miaka 40.

Wananchi waliuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: ikiwa mahali pa kudumu hapajapatikana, neno "muda" lina maana gani?

Tume ilitoa ripoti za awali kuhusu athari kwa mazingira, ikaitisha maoni, kisha ikatoa ripoti za mwisho pamoja na majibu yake. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, vikao vya kutoa maoni kuhusu ripoti za awali vilifanywa kwa simu na intaneti. Magavana wa majimbo yote mawili walipinga. Texas ilipitisha sheria ya kuzuia taka hizo mwaka 2021, na New Mexico ikafuata mwaka 2023. Hata hivyo, leseni ya Texas ilitolewa Septemba 2021 na ile ya New Mexico Mei 2023.

Maoni si kesi

Jimbo la Texas na kampuni moja ya mafuta yenye ardhi katika eneo hilo, Fasken, walienda kortini. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliifutilia mbali leseni ya Texas. Lakini tarehe 18 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliubatilisha uamuzi huo, majaji sita dhidi ya watatu.

Sababu yake inafaa kusomwa mara mbili. Majaji hawakusema kwamba ghala ni salama, wala hawakusema kwamba ni hatari. Walisema kwamba walalamishi hawakuwa wahusika rasmi katika kesi ya leseni mbele ya tume. Texas ilikuwa imetoa maoni tu. Fasken iliomba kuwa mhusika, ikakataliwa. Sheria ya huko inamruhusu mhusika pekee kupinga leseni ya namna hiyo kortini.

Hata hivyo, leseni si mwisho wa mambo. Mwaka huo huo wa 2025, Holtec, iliyokuwa na leseni yake mkononi, ilijiondoa katika mpango wa New Mexico.

Finland ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1987 inaipa halmashauri ya mji uwezo wa kukataa kabisa. Januari 2000 madiwani wa Eurajoki, mji ambao tayari ulikuwa na vituo vya nyuklia, walipiga kura 20 kwa 7 kukubali fueli izikwe kwao, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Bunge liliidhinisha mwaka uliofuata. Aliye na uwezo wa kukataa husikilizwa kwa makini zaidi kabla ya kukubali.

Na sisi je?

Kenya haina fueli ya aina hii kutoka kwa kituo cha umeme. Lakini kituo chochote kitakachojengwa kitalazimika kuanza kuhifadhi fueli yake papo hapo, mara tita la kwanza litakapotolewa. Wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, walipinga kituo kujengwa kwao, na baadaye serikali ikageukia Kaunti ya Siaya. Mjadala huo umehusu zaidi umeme, ardhi na uvuvi. Suala la fueli iliyotumika linastahili nafasi yake mapema.

Sheria zetu zinampa mwananchi mlango mpana kuliko ule wa Texas. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Tangu mwaka 2019 kuna pia sheria ya kudhibiti nyuklia, iliyounda mamlaka ya kutoa leseni.

Haki hizo hazina faida kwa asiyeuliza. Tangazo likitoka, wananchi na waulize haya:

1. Leseni ni ya miaka mingapi, na fueli itapelekwa wapi muda huo ukiisha?
2. Makasha yatapitia barabara au reli gani, na hospitali za njiani zina vifaa na wauguzi waliofunzwa?
3. Nani atapima miale hewani, majini na katika samaki, na matokeo yatatangazwa wapi?
4. Je, afya ya wakazi itapimwa kabla ya ujenzi, ili pawe na kitu cha kulinganisha baadaye?
5. Nani atagharamia ulinzi iwapo kampuni itafilisika?

Andika maswali yako kwa barua, taja jina la mradi na tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mpokeaji. Kelele za mkutanoni husahaulika jioni hiyo hiyo. Barua yenye muhuri inaweza kusomwa na jaji miaka mitano baadaye.