Taa moja yatosha kuanzisha studio ya picha

MWENYE mtaji mdogo anayetaka kufungua studio ya picha za watu anaweza kuanza kwa taa moja na kurudisha fedha zake mapema, badala ya kukopa ili anunue taa tatu ambazo mteja hatazilipia. Kwa wafanyabiashara wanaoagiza vifaa hivyo kutoka nje, hiyo ina maana kwamba bidhaa ya kuweka dukani ni ile ndogo inayoingiliana na kamera nyingi, wala si ile kubwa yenye jina.

Biashara ya studio imebadilika sana. Katika miaka ya 1990 wenye studio waliishi kwa kuuza filamu, kusafisha picha na kupiga picha ndogo za vitambulisho. Leo simu ya mkononi imechukua picha za kila siku. Aidha, mwombaji wa kitambulisho cha taifa au kadi ya mpiga kura hupigwa picha hapohapo kwenye kituo cha kuandikishwa.

Aliyebaki ni mteja wa mahafali, sendofu, Idi, Krismasi na picha ya familia. Huyu ana simu yake mfukoni, na huenda studio akitafuta kile ambacho simu haikumpa. Kitu hicho ni mwanga uliopangwa. Pwani hii jambo hilo halikuanza jana: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na wateja wa studio za namna hiyo walikwenda kwa sababu mpiga picha alijua kuiweka taa.

UKUBWA WA TAA SI NGUVU YAKE

Kosa linalokula mitaji mingi ni kudhani kuwa taa yenye nguvu zaidi hutoa picha nzuri zaidi. Mwanga huwa laini pale unapotoka kwenye eneo kubwa lililo karibu na anayepigwa picha. Flashi ndogo ikielekezwa usoni moja kwa moja huacha kivuli kikali ukutani na mng'ao kwenye paji la uso. Flashi hiyohiyo ikipigwa ndani ya mwavuli mweupe wenye upana wa mita moja hutoa sura tulivu. Kwa ngozi nyeusi tofauti huonekana zaidi, kwa kuwa taa ndogo huacha madoa meupe ya mng'ao, na taa pana huusambaza mng'ao ukafuata umbo la uso.

Umbali nao una hesabu yake. Taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Kwa hiyo aliye na taa dogo akiisogeza karibu hupata mwanga mwingi na laini kwa wakati mmoja, bila kuongeza hata shilingi.

Mpangilio wa kuanzia ni rahisi. Taa huwekwa pembeni kidogo mwa mtu, juu ya usawa wa macho yake, na upande wa pili husimamishwa kipande cha silingibodi kilichopakwa rangi nyeupe ili kurudisha mwanga kwenye kivuli. Mteja akae mbali na ukuta, mita moja na nusu au zaidi, ili kivuli chake kisianguke kwenye pazia la nyuma.

FLASHI AU TAA YA LED?

Zamani studio nyingi zilitumia taa za halojeni. Bei yake ya kununulia ni ndogo, lakini gharama ya kuziendesha ni kubwa. Halojeni mbili za wati 500 zikiwaka saa nane hula uniti nane za umeme kwa siku. Ikichukuliwa, kwa mfano, shilingi 350 kwa uniti, hizo ni shilingi 2,800 kwa siku, au shilingi 72,800 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Taa moja ya LED ya wati 60 kwa saa hizohizo hula chini ya nusu uniti. Hali kadhalika, halojeni hutoa joto linalomtoa mteja jasho na kumharibia vipodozi kabla picha haijapigwa.

Hata hivyo, LED si mbadala wa flashi katika kila kazi. Flashi ndogo ya betri huhifadhi nishati ya jouli 50 hadi 75 hivi na kuitoa kwa mkupuo mmoja. Taa ya LED ya wati 60, kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, hutumia chini ya nusu jouli kwa picha hiyo. LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, lakini pengo hilo halizibiki. Ndiyo maana mtoto asiyetulia hutoka amefifia chini ya LED dogo, na chini ya flashi hutoka wazi.

Kwa upande mwingine, anayepiga picha za video pia hana budi kuwa na LED. Huyo aangalie kipimo cha usahihi wa rangi kinachoandikwa CRI, kiwe 95 au zaidi. Balbu za LED za bei ya chini za kuwekea nyumbani huweza kumemeta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu. Jicho halioni, lakini kamera huchora mistari myeusi kwenye picha.

Flashi ya betri ina faida nyingine ambayo Watanzania hawahitaji kuelezwa kwa kirefu. Katika mgawo wa umeme wa mwaka 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023, aliyetegemea soketi alifunga mlango au aliwasha jenereta. Mwenye betri za kuchaji seti mbili aliendelea na kazi.

HESABU YA MFANO

Bei hutofautiana kwa duka na kwa msimu. Kwa ajili ya kupima tu, ichukuliwe kuwa mwenye studio tayari ana kamera na chumba, na anatenga fedha hivi: flashi moja isiyo na mitambo mingi shilingi 220,000; kiwashio cha redio, yaani triga, 120,000; stendi 60,000; mwavuli na kishikio chake 100,000; betri nane za kuchaji pamoja na chaja 90,000; pazia la marikani lililopakwa rangi 60,000; na silingibodi mbili 50,000. Jumla ni shilingi 700,000.

Kama kila mteja anaacha shilingi 10,000 baada ya kutoa gharama za kuchapa, kodi ya chumba na mshahara wa msaidizi, wateja 70 wanarudisha mtaji wote. Kwa wateja watatu kwa siku, hizo ni siku 24 za kazi.

Sasa achukuliwe jirani yake aliyekopa shilingi 2,400,000 kwa seti ya taa tatu za umeme. Anahitaji wateja 240, yaani siku 80 za kazi, kabla ya kuhesabu riba. Tatizo ni kwamba mteja wa mtaa ule halipi zaidi kwa kuwa ameona taa tatu. Taa ya pili inunuliwe pale kazi inapoidai, mathalani picha za familia ya watu kumi, na inunuliwe kwa fedha zilizotokana na ya kwanza.

MITEGO YA VIFAA VILIVYOTUMIKA

Flashi za mtumba zina bei ya kuvutia, lakini baadhi ya zile za zamani hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye mguu unaogusa kamera. Kamera nyingi za kidijiti hazikutengenezwa kuhimili kiasi hicho, na flashi ya bei poa inaweza kuua kamera ya bei mbaya. Fundi apime kwa mita kwanza, au flashi hiyo iwashwe kwa redio bila kugusana na kamera. Pia asiyejua asifungue flashi, kwani chombo cha ndani cha kuhifadhia umeme huweza kumpiga mtu hata betri zikiwa zimeshatolewa.

KWA WENYE MADUKA

Mfanyabiashara asiagize kwa kufuata jina pekee. Kampuni ya Kiingereza ya Bowens, iliyoanza mwaka 1923, ilifungwa mwaka 2017, lakini mtindo wake wa kufungia vifaa mbele ya taa haukufa. Viwanda vingi, ikiwamo Godox ya China iliyoanzishwa mwaka 1993, vinautumia katika taa nyingi. Anayeweka dukani softiboksi za mtindo huo huwauzia wenye taa za kampuni mbalimbali, na mzigo haulali.

Flashi rahisi za kurekebishwa kwa mkono hukaa kwenye kamera nyingi, ila kamera za zamani za Sony zilikuwa na mguu wao tofauti. Triga ndizo za kuangaliwa zaidi, maana ya Canon haifai kwa Nikon. Ni heri kuagiza chache za kila aina kuliko kontena la aina moja.

Katika ushuru, flashi huingia kwenye fungu namba 9006 la forodha, na taa za LED za kuwaka mfululizo kwenye 9405. Kuzichanganya katika hati moja ni kujitafutia ucheleweshaji bandarini. Juu ya ushuru kuna VAT ya asilimia 18. Anayetaka taa zenye betri za lithiamu akumbuke kuwa tangu Aprili 1, 2016 betri hizo zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria. Betri za akiba za namna hiyo ziagizwe mapema kwa meli, kabla ya msimu wa mahafali na sikukuu.

Kwa mwekezaji mdogo, mambo matatu yatangulie fedha kutoka mfukoni: kujua mteja wa mtaa analipia nini, kuhesabu ni wateja wangapi watarudisha gharama, na kufanya mazoezi na taa moja mpaka picha ya mtu mweusi aliyevaa shati jeupe itoke bila kasoro. Asiyeweza kuitoa kwa taa moja, hata akiwa na tatu hataweza.