Kabla hujanunua mtambo wa eksrei, fungua daftari la wagonjwa

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Bungoma. "Ami, nimepata mtambo wa eksrei. Jumatatu natia sahihi." Yeye ni tabibu, ameoa huko, na kliniki yake iko hatua chache kutoka steji ya matatu. Muuzaji wa Nairobi alikuwa amemwandikia bei ya mtambo mpya wa kidijitali: shilingi milioni 5.5. Laki sita angetoa mwenyewe, zilizobaki benki imnunulie kwa murabaha, naye alipe 150,000 kila mwezi kwa miaka minne. Nikamuuliza dhamana ni nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni kiwanja cha mamake, Likoni.

Nina stashahada ya ufundi wa mitambo ya hospitali, na kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikula mkate wangu kwa kufungua na kufunga mitambo ya eksrei. Nikamwambia asitie sahihi mpaka nifike. Nikapanda basi.

Nilipofika sikumuuliza habari ya mtambo. Nilimwomba daftari la wagonjwa. Kwenye ombi la benki alikuwa ameandika kuwa atapiga picha 20 kwa siku. Tukakaa na kahawa, tukahesabu wote aliowaandikia eksrei miezi mitatu iliyopita akawatuma kwingine. Walikuwa 396. Ukigawanya kwa siku 78 za kazi, ni watu watano kwa siku. Na hao ni wale alioandika, si wote waliokwenda.

Haya basi, piga hesabu nami, msomaji. Watu watano kwa siku ni kama 130 kwa mwezi. Picha moja kwake ni shilingi 1,000, kwa hiyo 130,000. Mpiga picha mwenye leseni atataka 45,000. Daktari bingwa wa kusoma picha, anayetumiwa kwa intaneti, anadai 300 kwa kila moja, jumla 39,000. Panabaki 46,000. Benki inataka 150,000. Kijana angeingia hasara ya 104,000 kila mwezi, na bado hajalipa umeme. Ili mtambo ule ujilipe alihitaji wagonjwa 11 kwa siku, wenye pesa mkononi, kwa sababu kila mwenye kliniki Kenya anajua malipo ya bima ya serikali huja yakitaka yenyewe.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la vijana wasio na uzoefu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa miaka saba wa kukodi mitambo kwa ajili ya hospitali 98, mbili mbili katika kila kaunti na zile kubwa za kitaifa. Kampuni ya GE ndiyo iliyopewa upande wa picha. Kila kaunti ilikatwa milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, baadaye milioni 200. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka 2020, na katika iliyoyakuta ni mitambo iliyolala bila kazi kwa kukosa wataalamu, vyumba, maji au umeme. Watu walianza na mtambo, wakamalizia na maswali.

Kuna njia tatu za kupata picha. Ya zamani ni filamu: chumba cha giza, dawa mbili na maji mengi. Mtambo wake ni rahisi kununua, lakini kila picha unainunua upya, kwani filamu na dawa hazirudi. Ya pili ni kaseti za kidijitali. Kaseti inafanana na ile ya filamu, ila ndani mna bamba linaloshika picha, kisha unalitia kwenye kisomeo na picha inatokea kwenye kompyuta baada ya dakika moja hivi. Bamba hilo hutumika tena na tena. Ya tatu ni bamba kamili la kidijitali, picha inatokea papo hapo. Hilo ndilo zuri kuliko yote, na ndilo linalouma kuliko yote likianguka sakafuni. Muulize muuzaji bei ya bamba peke yake kabla hujaulizia bei ya mtambo mzima. Utamjua.

Kijana wangu alitaka la tatu kwa sababu ndilo aliloliona Kitale, kwa daktari mmoja rafiki yake. Nikasema twende huko huko.

Tukapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na mvua ikatupiga njia nzima. Daktari yule wa Kitale kweli alikuwa amefunga bamba jipya, naye ana haki, maana anapiga picha 25 kwa siku na foleni ndiyo iliyokuwa ikimla. Dakika moja ya kaseti kwa watu 25 ni kero. Kwa watu watano si kitu. Na mtambo wake wa zamani, pamoja na kisomeo cha kaseti, ulikuwa umefunikwa shuka kwenye stoo, anauuza milioni 1.6.

Lakini kabla ya kukubali chochote, niliuliza habari ya umeme. Hapa wengi huumia. Mtambo wa eksrei hauli umeme mwingi kwa siku, ila unaumeza wote kwa mkupuo, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Picha inayopigwa kwa volti 80,000 na mkondo wa miliampia 200 inataka wati 16,000 kwa wakati huo. Laini ya kawaida ya kliniki, ya ampia 60 kwa volti 240, mwisho wake ni wati 14,400, na hapo hujawasha hata friji ya chanjo. Ndiyo maana kuna mitambo inayotaka umeme wa fezi tatu, na mingine inayojaza nguvu polepole kwenye betri yake kisha kuiachilia mara moja. Daktari wa Kitale alitucheka kwa uchungu. Mtambo wake wa kwanza kabisa aliununua bei ya chini, ukafika, ukawa wa fezi tatu mahali penye fezi moja. Alikaa nao miezi akisubiri laini.

Kuna mitambo midogo ya wati 5,000 inayoingia kwenye soketi yoyote. Si mibaya. Mkono, mguu na kifua cha mtoto inatoa vizuri. Lakini kwa uti wa mgongo wa mtu mnene inabidi mwanga ukae muda mrefu, mgonjwa anapumua, picha inatoka na ukungu, unarudia, na mgonjwa anapata mionzi mara mbili kwa pesa za mara moja. Daftari la Bungoma lilikuwa limejaa mikono na miguu ya ajali za bodaboda, na vifua. Migongo ilikuwa michache. Huu wa stoo ulikuwa wa fezi moja wenye betri ndani, umri wa miaka minane. Ukamfaa. Nilimsisitizia tu stabilaiza na waya wa ardhini uliopimwa, kwa radi zile za magharibi alasiri.

Tukaupima. Chukua sarafu nne, ziweke juu ya kaseti kwenye kona za mwanga ule unaoonyesha mahali mionzi itakapopiga, kisha piga. Sarafu zote zikitokea kwenye kona za picha, mwanga na mionzi vinakwenda pamoja. Kwa umbali wa mita moja, tofauti isizidi sentimita mbili. Sisi tulipata nne. Kisha piga mara tatu bila kubadilisha chochote. Picha zikitofautiana weusi, tyubu au jenereta inachoka. Hizo zilikuwa sawa. Tazama pia kama mafuta yanavuja, na soma hesabu ya picha zilizokwisha kupigwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Leseni si jambo la baadaye. Kwa sheria ya mwaka 2019, Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya ndiyo inayotoa ruhusa ya kumiliki na kutumia mtambo, na inataka kuona ramani ya chumba, unene wa kuta, risasi kwenye mlango, na kipimo cha mionzi anachovaa mfanyakazi. Peleka ramani kwanza, ujenge baadaye. Kubomoa ukuta ni ghali kuliko kuuchora.

Kwa milioni 1.6, akitoa laki sita zake, benki itamnunulia kwa milioni moja, alipe 36,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Katika zile 46,000 panabaki 10,000 za umeme na dharura. Ni kamba nyembamba, sikumficha, na nikamwambia asiombe wagonjwa wazidi ili apate kulipa deni. Lakini dhamana ni mtambo wenyewe na gari lake. Kiwanja cha Likoni hakimo.

Juzi alinitumia picha kwa simu. Fundi wa Kitale amerekebisha taa, sarafu tatu ziko kwenye kona zake, ya nne imekatwa kidogo pembeni. Akaniuliza, "Ami, hii ni sentimita ngapi?" Nimemwambia apime kwa rula, si kwa macho, na muuzaji asimame hapo hapo akitazama.