Usimwambie mvuta sigara: "Weye hauna nguvu ya roho"

Leo nataka tuongee juu ya sigara, lakini si kwa kuhubiri. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Yaya yangu, mtoto wa kwanza kwetu, alijaribu kuacha sigara mara tatu. Mara ya tatu alifikisha siku nne. Siku ya tano nikamukuta nyuma ya nyumba, sigara mkononi. Nikamwambia: "Yaya, weye hauna nguvu ya roho." Hakunijibu. Tangu pale akawa anavuta kwa kujificha, na habari ya kuacha hakuizungumuza tena mbele yangu. Mimi njo nilikuwa na diploma, lakini sikujua ninachosema.

Kilichonifungua macho ni kazi za munganga mmoja, Michael Russell, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti wake London, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley. Wakati wengi waliona sigara kuwa ni tabia tu, yeye mwaka 1971 aliandika kwamba kuvuta kunaweza kuwa ugonjwa: mwili unategemea dawa, na dawa yenyewe ni nikotini. Baadaye akaeleza jambo la maana sana: mtu anavuta kwa kutafuta nikotini, lakini kinachomuua zaidi ni lami na gesi za moshi.

Inatendekaje? Ukivuta, nikotini inapita mapafuni, inaingia mu damu, na kwa sekunde 10 hadi 20 imefika kwenye ubongo. Pale inafanya ubongo uachilie dopamini, kemikali inayosema: "Hii ni nzuri, rudia." Kisha inashuka haraka. Kila saa 2 hivi, kiasi kilicho mu damu kinapungua kwa nusu. Njo maana mvutaji anawasha ingine, na ingine. Ubongo ukishazoea, siku ukiikosa unapata hasira, wasiwasi, njaa, usingizi mubaya, hata kusoma ukurasa mumoja kunakuwa kazi. Wiki ya kwanza njo ngumu kupita zote. Kisha, kwa wiki chache, inapunguka. Yaya yangu alianguka siku ya tano, mu moto wenyewe.

Sasa, Russell hakuishia kueleza ugonjwa. Mwaka 1979, yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa na waganga 28 wa mitaa ya London, kwa wavutaji 2,138. Wengine hawakuambiwa kitu. Wengine walipewa shauri la kuacha, dakika moja au mbili tu, pamoja na karatasi ya maelezo, na wakaambiwa kwamba watafuatiliwa. Kisha wakahesabu walioacha ndani ya mwezi wa kwanza na ambao mwaka mzima ulipita bila kurudia. Kwa wasioambiwa kitu, walikuwa 0.3 kwa mia. Kwa walioshauriwa na kuambiwa watafuatiliwa, 5.1 kwa mia. Utasema ni kidogo. Lakini piga hesabu: kama kila munganga wa Uingereza angefanya vile, Russell aliona wangeacha watu zaidi ya nusu milioni kwa mwaka.

Mwaka 1982, kikundi chake kilijaribu chingamu yenye nikotini. Inampa mtu nikotini polepole, bila moshi. Kati ya wavutaji waliokuja kutafuta msaada, 47 kwa mia ya waliopewa chingamu ile walikuwa bado wameacha baada ya mwaka. Waliopewa chingamu ya kujifananisha walikuwa 21 kwa mia. Tangu 2009, Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka chingamu na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa za lazima.

Basi tufanye nini? Wenzangu wa udaktari na uuguzi, munapokuwa kwenye staji, muulize kila mgonjwa kama anavuta. Akisema ndiyo, mumushauri waziwazi aache, na mumupe siku ya kurudi. Dakika mbili hazitawachelewesha. Na siye wengine, tusitukane mutu aliyeanguka. Kuanguka hakuonyeshi kwamba hawezi. Wengi wanajaribu mara nyingi mbele ya kufaulu.

Mimi nilirudi kwa yaya, nikamuomba samahani, nikamuelezea haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo ni wiki moja tu njo mbaya sana?"

Nikamwambia: "Ya kwanza njo mbaya zaidi, yaya. Hiyo nitakuja kulala kwako."